Ukurasa Usio na Doa

Kiswere, Alhamisi, baada ya alasiri

Saidi mwanangu,

Mama yako atakuaga kesho asubuhi mlangoni, na maagizo yote utayapata kwake: maji yachemshwe, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, usilale nyumba usiyoijua kabla ya kufika Mchinga. Mimi sina la kuongeza hapo. Umekwenda kumuaga yule bibi jirani yetu, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka magharibi, kwa hiyo nina muda wa kuandika bila wewe kunichungulia begani.

Naogopa. Nimeandika taarifa nyingi katika maisha yangu, za akida, za majumbe, za gazeti, na neno hili sijapata kuliandika juu ya nafsi yangu hata mara moja. Nitakueleza sababu kwa utaratibu ule ule wa taarifa zangu: niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyoyasikia nitasema niliyasikia.

Jana wakati wa chakula mama yako alikuuliza juu ya kazi yako mpya ya Lindi.

"Na mtoto asipokuja shule utafanyaje?"

"Namwandika, mama. Mwisho wa mwezi daftari linakwenda bomani. Mzazi wake atajieleza mwenyewe huko."

"Hebu mwone! Darasa lenyewe hujaliona, ushaanza kufunga watu!"

Dada yako akacheka, nawe ukacheka. Ukasema, "Mimi sifungi mtu, mama. Mimi naandika tu."

Nikanawa mikono nikatoka nje. Mama yako alidhani samaki amezidi chumvi, na mpaka leo asubuhi alikuwa akinitaka radhi. Samaki hakuwa na kosa. Maneno yako ya mwisho nilikuwa nikiyasema mimi, kwa sauti ile ile, kabla hujaota ndevu.

Unajua kwamba kabla ya kuhamia huku nilikuwa karani wa akida upande wa Tingi. Ulikuwa mdogo, ukicheza ndani ya ghala la pamba mpaka unatoka na kichwa cheupe kama mzee. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za akida, na wakati wa kuchuma pamba, kuita majina shambani. Shamba liliitwa la kijiji, lakini kila mtu alijua kwamba ni la serikali. Kila nyumba ilitoa mtu kwa siku zake. Jua likitokeza juu ya paa la ghala, nilifungua daftari nikaita. Aliyekuwepo nilimwekea mstari. Asiyekuwepo nilimwekea kiduara kidogo, kama punje ya choroko. Nikimaliza nilipiga mstari chini ya ukurasa kwa rula, na siku ile imefungwa.

Daftari lile lilikuwa fahari yangu. Makarani wengine walipeleka bomani vitabu vilivyojaa madoa, majina yaliyokatwa, maneno yaliyobanwa juu ya maneno. Langu lilikuwa safi kutoka jalada hadi jalada. Mara moja, mbele ya makarani wote, daftari langu liliinuliwa juu ili walione. Niliporudi nyumbani sikumwambia mama yako, lakini nilitembea njia nzima nikiwa na tabasamu la kijinga. Tangu siku hiyo nilikuwa tayari kufanya mambo mengi ili ukurasa usiingie doa. Sikujua bado ni mambo gani.

Watu wa shambani walinitania, nami niliwaacha. Mmoja wao alikuwa mzee aitwaye Mtulia, Mmatumbi, umri wa kunizaa, bega moja limeshuka kwa kubeba mizigo. Nilikuwa kijana kwake, lakini kila asubuhi yeye ndiye aliyenipa shikamoo, kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Nami niliitika marahaba. Hilo peke yake lingetosha kunijulisha kwamba mambo hayako sawa.

"Bwana karani," aliniambia siku moja, "kuna jina umelisahau."

"La nani?"

"La nguruwe. Mwezi mzima huu hawajakosa shamba langu hata siku moja. Waandike, wapewe sifa yao."

Shamba zima lilicheka. Ilikuwa kweli, na haikuwa kichekesho. Watu walichuma pamba ya serikali mchana, kisha wakakesha kwenye mihogo yao wakifukuza nguruwe, na jua likichomoza walitakiwa wawe mbele yangu. Wengine walisinzia wakiwa wamesimama huku nikiita majina.

Siku ninayotaka kukuambia habari zake ilianza kama siku nyingine. Nilifungua daftari, nikaita, na karibu nusu ya majina hayakuitikiwa. Nilishangaa, lakini kazi yangu ilikuwa kuandika. Niliweka viduara vyangu, vyote vya ukubwa mmoja, nikapiga mstari wa chini. Baadaye nilisikia, hili sikuliona, kwamba wengi walikuwa wamekwenda milimani kupewa dawa ya maji, ile iliyosemekana itageuza risasi za Wadachi kuwa matone.

Wino ulikuwa umekauka Mtulia alipofika, anahema.

"Shikamoo, bwana karani. Nipo."

"Marahaba. Nimeshafunga, mzee."

"Nguruwe wamevunja ua. Nimewafukuza mpaka mtoni. Tazama miguu hii."

Nikatazama. Matope yalikuwa yamepanda mpaka magotini, bado mabichi.

"Ingia shambani," nikamwambia.

"Naingia. Lakini uniandike."

"Nikikata pale ukurasa utachafuka."

"Basi chafua kidogo, baba. Mimi mwenyewe nimechafuka mzima."

Waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka, nikafunika daftari. Alichuma mpaka alasiri. Nilimwona akibeba vikapu kupeleka ghalani, mara tatu alipita mbele ya meza yangu. Kiduara chake kilibaki pale pale.

Siku mbili baadaye watu waliing'oa pamba ile, na vita vikaanza. Vita unavikumbuka mwenyewe: tulivyokimbilia Kilwa, mama yako na dada yako mgongoni, wewe na kuku mmoja uliyekataa kumwacha. Sina haja ya kuvisimulia.

Askari waliporudi upande wa Tingi, mimi nilirudi nao, kwa sababu akida alirudi. Alikuwepo afisa mmoja kijana, Mdachi, aliyefika na askari wale. Jina lake sikulijua, na hata kama ningelijua lisingebadili kitu. Aliweka meza uani kwa akida akaagiza daftari la shamba. Hakulipitia lote. Alitaka ukurasa wa siku ile moja. Mkalimani akatueleza: waliokosa shambani siku ile ndio waliokwenda kunywa maji. Kila kiduara ni mtu, na kila mtu atajibu.

Wengi hawakupatikana. Walikuwa wamekufa, au wako porini. Walipatikana wanne, na Mtulia alikuwa wa tatu kuitwa. Alikuwa hakukimbia. Nadhani hakuona sababu ya kukimbia.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilichelewa tu. Muulizeni bwana karani, yule pale."

Mkalimani akanigeukia. Afisa akanigeukia. Akida hakunigeukia, alikuwa anatazama chini.

Nataka uijue nafasi ile ilivyo, Saidi, kwa sababu ukikaa na daftari muda mrefu utajikuta ndani yake. Kwanza ni fupi kuliko unavyodhani. Huulizwi jambo kubwa. Hakuna anayekuambia, amua huyu afe au aishi. Unaulizwa swali dogo la kazi yako, mbele ya watu, na jibu linatakiwa sasa hivi. Katika muda ule mfupi niliwaza haya, nayakumbuka yote: nikisema alikuja, basi ukurasa una kosa. Ukiwa na kosa moja, ataniuliza mangapi mengine. Ataniuliza kwa nini sikurekebisha. Ataniuliza kwa nini karani anamtetea mtu wa milimani. Nilikuwa nimesikia kwamba karani wa akida mwingine alitiwa minyororo kwa swali la namna hiyo. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nilikuwa pia, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko woga, sitaki daftari langu lionekane na kosa.

Nikasema, "Daftari linaonyesha hakuwepo."

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Sikuulizwa daftari linaonyesha nini, kwa sababu lilikuwa mezani na kila mwenye macho aliliona. Niliulizwa nilichokiona mimi.

Mtulia hakunitukana. Alisema, "Aa, bwana karani," kama mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki asiyekusudia. Kisha akaita aliyefuata asogee, kwa maana mkalimani alikuwa amesahau.

Walinyongwa wote wanne kabla ya adhuhuri. Hilo nililiona. Sitaliandika zaidi ya hapo.

Juma lile lile nilituma habari kwa gazeti, kama desturi yangu. Niliandika kwamba upande wetu mambo yametulia na mvua imeanza kunyesha. Hiyo nayo ilikuwa kweli.

Sasa lipo jambo linalokuhusu wewe, na nimezunguka meza mara mbili kabla ya kuliandika. Afisa yule alipomaliza alifunga daftari langu akasema, kwa mkalimani, kwamba hajapata kuona kitabu safi kama hicho, na akaniuliza nina haja gani. Nikasema nina mtoto wa kiume ambaye ameshahitimu msahafu na anajua kusoma. Ndivyo ulivyopata nafasi katika shule ya serikali. Ulidhani ni kwa sababu ulijibu vizuri siku ya kuandikishwa. Ulijibu vizuri kweli, nilikuwepo nikasikia, lakini jina lako lilikuwa limeshaandikwa.

Sikuambii ili ujitwike. Elimu umeisoma wewe, hakuna aliyekusomea. Nakuambia kwa sababu Lindi wapo watu waliotoka kule Tingi, na siku moja mmoja atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ni afadhali ulisikie kwangu kwanza, kwa kipimo chake.

Mama yako amechungulia hapa sasa hivi. "Unamwandikia nani muda wote huo?"

"Bomani," nimemwambia.

"Boma na wewe hamwishiwi maneno," akasema, akaenda kuangalia mikate yako ya safari. Naona hata leo bado nadanganya kwa urahisi.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini tumehamia Kiswere wakati hatuna ndugu hapa wala mimi si mvuvi. Nilikuambia kifua changu kinataka upepo wa bahari. Kifua changu hakina kitu. Nilikuwa siwezi tena kuita majina. Nilijaribu, msimu uliofuata. Kila nilipoita jina la nne au la tano nilijikuta natazama njiani nikimsubiri aliyechelewa, na akida akanikaripia, kisha akapata karani mwingine.

Mwaka ule wa njaa ya baada ya vita, mwanamke mmoja alifika hapa kwetu. Ulikuwa shuleni. Mama yako alimkaribisha kama alivyowakaribisha wengi, akampa muhogo uliokuwepo. Alipomaliza nusu akaniangalia.

"Wewe ndiye ulikuwa karani kule Tingi?"

"Nilikuwa."

"Mimi mke wa Mtulia."

Nikamsogezea mtungi wa maji.

"Nimeambiwa mume wangu aliandikwa. Mimi kusoma sijui. Nionyeshe alivyoandikwa."

Nikamwambia daftari lilichukuliwa. Akasema basi nimchoree. Nikainama, nikachora kiduara mchangani kwa kidole.

"Ndo hiki tu?"

"Ndicho."

"Na jina lake liko wapi?"

"Jina linakaa pembeni. Hiki ndicho kilichosema hakuwepo."

Alikitazama kwa muda. Kisha akapitisha unyayo juu yake, mchanga ukawa sawa.

"Mbona kinafutika?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Nilikuwa na jibu la habari ya wino, na makaratasi, na kazi ya serikali ilivyo. Nikabaki nikifuta mchanga kidoleni. Akamalizia muhogo wake, akamwombea mama yako dua, akaondoka na njia ya kusini. Mama yako akauliza ni nani yule. Nikasema, mtu wa Tingi.

Nimefikiri miaka yote hii ningemshauri nini karani mwenzangu, na sikupata mengi. Nikikuambia usiandike majina, nitakuwa nakudanganya, kwa sababu utaandika, ndiyo kazi uliyopewa. Nikikuambia uandike uongo kumwokoa mzazi, nitakuwa nakuponza: ukikamatwa na uongo mmoja, siku utakaposema kweli juu ya mtu asiye na hatia hutasikilizwa. Nikikuambia uandike sababu ya kila mtoto kukosa, hilo nalo lina hatari yake. Ziko sababu ambazo ukiziandika zinamfikisha mtu pabaya kuliko kiduara. Ukiambiwa baba wa mtoto amekwenda kwa mganga milimani, kalamu yako haina haja ya kulijua hilo.

Ninachoweza kukuambia ni jinsi ya kufanya kazi. Usifunge ukurasa asubuhi. Mwalimu mkuu atataka ufunge kengele ikilia, utasema naam, na utaacha zile nafasi wazi mpaka adhuhuri. Watoto wa Lindi wanatoka mbali. Wapo watakaokuwa wamelinda mihogo usiku, wapo wanaosubiri maji ya bahari yapungue ndipo wavuke kijito. Asiyekuja kabisa, mfuate kwao jioni. Nenda kwa miguu yako, usitume mtu. Piga hodi, ukae, ukubali unachopewa, utazame mwenyewe kilichomo ndani ya nyumba. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha ghala nikiwaandika watu ambao milango yao sikuijua. Kwa Mtulia sikupata kufika hata siku moja. Sikujua ua wake uko upande gani wala alikuwa na watoto wangapi. Ningejua, pengine mdomo wangu ungefunguka. Pengine. Sina uhakika, na sitaki ukadhani ninao.

Na ikitokea ukaulizwa mbele ya watu, jibu ulichokiona. Wakikuambia kitabu kinasema vingine, waambie kitabu ulikiandika wewe na ulikosea. Utakaripiwa. Nimekaripiwa mara nyingi tangu niache ukarani, na wavuvi wa hapa na mama yako hasa, na bado nakula vizuri. Inawezekana litakupata kubwa kuliko karipio. Hilo ndilo linaloninyima raha tangu jana, kwamba nakuomba ufanye jambo ambalo mimi sikuthubutu, na nakuomba nikiwa nimekaa salama nyumbani.

Kama utasoma haya usiku huu na kuona hutaki tena kwenda, hakuna atakayekucheka hapa. Tutasema umeugua, mama yako ataamini, na kesho tutapika wali. Lakini nilikuona jana ukiwaonyesha watoto wa jirani herufi ukutani kwa mkaa. Yule mdogo aliyegeuza herufi yake ulimshika mkono ukaigeuza naye, hukumfokea. Nilisimama nyuma ya mlango nikatazama mpaka mkaa ukaisha. Nadhani utakwenda.

Basi sikia nilivyopanga. Mwisho wa mwezi wako wa kwanza, kabla daftari halijapelekwa bomani, nitakuja Lindi. Nitakuja kwa miguu, siku mbili njiani hazitaniua. Usinitafutie kitanda wala usichinje kuku. Nitakuomba kitu kimoja tu, unifungulie ukurasa. Nikikuta umekata hapa, umeandika juu pale, wino umetapakaa mpaka huwezi kusoma baadhi ya majina, nitakunywa kahawa yako, nitawasalimia jirani zako, na kurudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha. Nikiukuta safi, Saidi, nitakaa pale pale kizingitini kwako, na sitainuka mpaka uniambie ni nani aliyechelewa.

Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, sikumtumikia mtu,

Baba yako,
Athumani